UZI: Sajini Leakey alipewa nishani akiwa amekufa. Je, wale askari watatu aliokuwa nao ni akina nani?

Mwana_Ngong:

Hamjambo wadau.

Naomba tuongee juu ya kijana ambaye jina lake liko hapa hapa Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, kwenye kumbukumbu ya wale ambao makaburi yao hayajulikani. Nigel Gray Leakey, sajini wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), batalioni ya 1/6. Alizaliwa Kiganjo, Nyeri, tarehe 1 Januari 1913. Ndiyo, ni ukoo uleule wa akina Leakey wanaochimbua mafuvu ya kale, lakini huyu alishika njia nyingine. Alikufa tarehe 19 Mei 1941 kusini mwa Ethiopia, akiwa na miaka 28.

Siku hiyo kombania mbili za 1/6 zilikuwa zimevuka mto Billate, karibu na Colito, zikashika kipande cha ng'ambo. Waitaliano wakajibu kwa vifaru vilivyotokea vichakani, kimoja kikaja kutoka nyuma ya askari wetu. Mtu mwenye bunduki mkononi hana la kufanya mbele ya kifaru, isipokuwa kulala chini na kuomba Mungu. Leakey alikikimbilia. Alikiparamia, akafungua mfuniko wa juu kwa nguvu za mikono, akampiga risasi kamanda na wenzake, akamwacha dereva peke yake hai na kumlazimisha akiendeshe hadi mafichoni. Akajaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho dhidi ya vile vingine, mzinga ukakataa. Basi akashuka, akapaza sauti kwamba atavifuata kwa miguu.

Hapa ndipo naomba msome polepole. Kuanzia hapo hakuwa peke yake. Sajini meja wa kombania, Mwafrika, na askari wengine wawili walikwenda naye. Wakaingia kwenye uwanja uliokuwa ukifagiliwa na rashasha na mizinga, wakavivizia vifaru. Viwili vya kwanza vikapita. Leakey akarukia cha tatu, akafungua mfuniko, akamuua mmoja wa waliokuwa ndani. Cha nne kikamfyatulia rashasha, akaanguka.

Tangazo la nishani yake ya Victoria Cross, ile ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, lilitoka tarehe 15 Novemba 1945, miaka minne na nusu baadaye, vita vikiwa vimekwisha. Tangazo lenyewe ndilo linalotuambia habari za wale watatu, na limewapa sehemu ya sentensi moja. Hawatajwi majina. Haielezwi kama walirudi ng'ambo ya mto au walibaki kwenye ule uwanja.

Watu wanne waliondoka pamoja kwenda kupambana na chuma kwa bastola na bunduki. Mmoja tunajua hadi siku aliyozaliwa. Mimi nataka tuwatafute hao watatu. Nani ana mahali pa kuanzia?

Karanja_wa_Othaya:

Mwana_Ngong, nakuheshimu, lakini hili linanikera. Kiganjo unayoitaja ni ardhi ya nani? Babu zetu walifukuzwa huko ili akina Leakey na wenzao walime. Leo unataka tukae hapa tumsifu mtoto wa setla aliyepigania dola iliyotunyang'anya? Shujaa wetu anajulikana. Ni Dedan Kimathi wa Mau Mau, sanamu yake imesimama Kimathi Street tangu 2007, kila mtu anamwona.

Mwana_Ngong:

Karanja, neno lako nimelisikia na lina uzito. Soma tena nilichouliza. Swali langu ni la wale watatu.

Wanjiru_Mwl:

Karanja ndugu yangu, hebu nikuongezee jambo ambalo huenda litakuumiza zaidi au litakutuliza, sijui. Baba yake huyu Nigel, mzee Gray Leakey, aliuawa Oktoba 1954 na wapiganaji wa Mau Mau. Ni mzee aliyeongea Gikuyu kama sisi. Na Kimathi mwenyewe aliwahi kuingia jeshini kwa muda mfupi wakati wa vita hivyo vya dunia kabla ya kuingia msituni. Nyeri ya wakati ule haikuwa na familia ambayo vita hivi havikupita ndani yake.

Mimi nafundisha historia kidato cha tatu. Wanafunzi wangu wakiniuliza kama mtu anaweza kuwa jasiri kwenye jeshi la mkoloni, nawaambia ujasiri ni wa mtu. Aliyekupa bunduki ana kesi yake, nawe uliyesimama nayo mbele ya kifaru una heshima yako. Sitaki wajifunze kuchukia jina tu.

Halafu tusisahau walikuwa wanapigana na nani. Mussolini aliivamia Ethiopia, akaitwaa mwaka 1936. Tarehe 5 Mei 1941 Haile Selassie alirudi Addis Ababa, miaka mitano kamili tangu Waitaliano waingie mji huo. Wiki mbili baadaye ndipo pale Colito. Waethiopia wanajua walivyoteseka. Kijana wa Kiafrika aliyekufa akisaidia kuitoa nchi ile mikononi mwa wale watu hakufa bure, hata kama bendera iliyomtuma haikuwa yake.

Juma_Sinza:

Wakuu, salamu kutoka Dar. Nimeona uzi huu nikashindwa kupita.

Jambo la kwanza: 6 KAR lilikuwa jeshi la Tanganyika. Kwa hiyo mnapotafuta hao watatu, msianzie Nyeri wala Machakos. Yawezekana sana ni Mhehe, Mngoni, Mnyamwezi, Myao. Angalieni huku kwetu.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Jina la Colito lilikuwa geti la kambi hapa Dar es Salaam kwa miaka. Colito Barracks ndiko maasi ya Januari 1964 yalikoanzia, yale yaliyomfanya Mwalimu Nyerere alivunje lile jeshi na kuanzisha jipya, JWTZ. Baadaye kambi ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Nakubaliana kabisa na mabadiliko hayo, Lugalo ni jina letu. Lakini tangu hapo Colito ilipotea vinywani mwa watu. Nimekulia Sinza, nimepita mbele ya geti la Lugalo utoto wangu wote, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia kwamba kabla yake palikuwa na jina la mahali ambako wababu wa Kitanganyika walivamia vifaru kwa miguu.

Kama mnasema tuwatafute, mimi nipo.

Karanja_wa_Othaya:

Juma, hilo la kambi ni jipya kwangu. Asante.

Basi niulize hivi. Kama walifanya kitendo kilekile, kwa nini nishani ilikuwa moja? Sheria iliwakataza Waafrika au walisahauliwa tu?

Koplo_Mstaafu:

Vijana, mimi nimevaa magwanda, niruhusuni nieleze haya mambo ya nishani maana watu huchanganya.

Wakati wa vita vya pili, katika jeshi la Uingereza, askari aliyekufa akipigana angeweza kupewa vitu viwili tu baada ya kifo: Victoria Cross, au kutajwa kwenye taarifa ya kamanda. Vingine vyote, nishani za ushujaa za ngazi ya chini kama DCM na MM, vilikuwa vya walio hai. Utaratibu huo ulidumu hadi 1979. Sasa pimeni. Kama sajini meja alikufa siku hiyo, mbele yake palikuwa na nishani ya juu kabisa, au mstari mmoja wa kutajwa. Katikati hapakuwa na kitu. Kama alirudi hai, angeweza kupewa DCM, na hadi 1942 askari Waafrika wa KAR walikuwa na DCM yao ya pekee, tofauti na ya Wazungu.

Kuhusu sheria, Karanja, haikuwakataza. Nawapa mfano wa kampeni hiyohiyo. Huko Keren, Eritrea, Februari 1941, Subedar Richhpal Ram wa jeshi la India aliuawa akiongoza watu wake, na akapewa Victoria Cross. Huyo si Mzungu. Mwaka 1944 koplo wa Fiji, Sefanaia Sukanaivalu, aliipata akiwa amekufa, kule Bougainville. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Lakini katika vita vyote viwili vya dunia hakuna askari Mwafrika wa KAR aliyeupita.

Nishani huandikiwa na mtu. Afisa anaketi, anaita mashahidi, anapeleka karatasi juu. Mhindi alikuwa na maafisa wa damu yake, hao akina subedar na jemadar, na utamaduni wa kikosi uliokwenda nyuma miaka mingi. Askari wa KAR alitegemea afisa Mzungu amwone, amkumbuke na amwandike. Asipoandikwa, basi.

Neema_Umoja6:

Naomba niseme kidogo kuhusu mashahidi, Mzee Koplo.

Binamu yangu alikuwa El Adde, ile kambi ya jeshi letu kule Somalia, iliposhambuliwa na al-Shabaab tarehe 15 Januari 2016. Sitaeleza mengi, familia bado inauma. Siku ya ibada ya kitaifa kule Eldoret, mwisho wa mwezi ule, viongozi walisema maneno makubwa na shangazi alikuwa ameketi akisikiliza. Lakini kilichomfanya ale chakula kwa mara ya kwanza ni kijana mmoja aliyekuja nyumbani baadaye kabisa, mwenzake wa kikosi, akakaa kwenye kochi na kumweleza: mama, mwanao alikuwa hapa, mimi hapa, alifanya hivi na hivi. Dakika kama kumi tu. Shangazi alimshika mkono muda wote.

Sisemi nishani haina maana. Ina maana sana, na ningependa binamu yangu awe nayo. Ila kuna mama mahali fulani Tanganyika, mwaka 1941, ambaye huenda hakuna aliyekuja kuketi kwake na kumwambia mwanao aliwafuata vifaru kwa miguu. Hilo linanisumbua tangu nianze kusoma uzi huu.

Wanjiru_Mwl:

Neema, pole sana dada. Mungu aendelee kuwashika.

Juma_Sinza:

Pole dada Neema. Umesema kitu.

Hassan_Eastleigh:

Neema, poleni sana nyumbani.

Nina kisa kinachoingia hapahapa. Agosti 1940 Waitaliano walivamia Somalia ya Waingereza. Pale Tug Argan kulikuwa na kapteni kijana, Eric Wilson, wa kikosi cha ngamia cha Somaliland. Alishikilia rashasha zake kwa siku kadhaa akiwa amejeruhiwa, hadi kilima kikatekwa. Ikaaminika amekufa, na Oktoba mwaka huo ikatangazwa Victoria Cross kama ya marehemu. Kumbe alikuwa hai, mfungwa wa Waitaliano! Alikombolewa 1941 na akaishi hadi 2008.

Sasa angalieni. Sajini wake Msomali aliuawa pembeni yake pale kilimani. Anaitwa Omar Kujoog. Sisi Wasomali tunalijua jina hilo leo kwa sababu Wilson alirudi na kulisema. Leakey hakurudi. Angerudi, pengine naye angesema: niliokuwa nao ni fulani, fulani na fulani.

Ndiyo maana naamini Mwana_Ngong ana haki ya kuuliza. Hao watatu walipoteza shahidi wao siku ileile.

Mwana_Ngong:

Hassan, umelisema vizuri kuliko nilivyojua kulisema.

Na sasa naona niseme na juu ya ile sanamu ya Kenyatta Avenue, ya watu watatu wa shaba, askari wawili na mpagazi, iliyozinduliwa 1928. Kila mtu amepiga picha pale. Imeandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Inawaahidi waliopigana kwamba hata wakifa, watoto wao watawakumbuka kwa majina. Izunguke yote, utafute jina hata moja la mtu. Hakuna. Wapagazi walikufa kwa maelfu katika vita vya kwanza, wa hiari na wa kulazimishwa, na hakuna aliyechonga orodha. Mwaka 2021 ile Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikikiri kwamba waliokufa wakitumikia dola katika vita vya kwanza na hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, ni wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000. Wengi ni Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Ikaomba radhi.

Kuomba radhi kwa watu laki tatu unaowaita kwa namba ni jambo moja. Hapa tuna watu watatu, siku inajulikana, mto unajulikana, kombania zilikuwa mbili, na mmoja wao alikuwa na cheo ambacho kila kombania ilikuwa na mtu mmoja tu wa cheo hicho upande wa Waafrika. Huyo sajini meja hawezi kuwa amepotea kabisa. Kuna karatasi mahali fulani inayomtaja.

Koplo_Mstaafu:

Hapo umegusa penyewe. Sajini meja ndiye wa kutafutwa kwanza, hao wawili watamfuata.

Kila batalioni ilikuwa na daftari la vita, linaandikwa siku kwa siku. Madaftari ya vikosi vya vita vya pili yamehifadhiwa Kew, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza. Afisa akiandika huwa hataji kila askari, lakini cheo cha sajini meja mara nyingi hutajwa, hasa akiuawa au akipandishwa. Pia kuna orodha za waliopendekezwa nishani. Mtu akipendekezwa akanyimwa, au akapunguziwa, wakati mwingine karatasi inabaki.

Na kuna kitu rahisi zaidi. Ile Tume ina orodha yake kwenye mtandao, unaweza kutafuta kwa tarehe na kikosi. Weka KAR, weka 19 Mei 1941 na siku chache baada yake, maana majeruhi hufa kesho na keshokutwa. Kama sajini meja alikufa pale na kaburi lake halijulikani, jina lake linapaswa kuwa kwenye kumbukumbu ileile ya Ngong Road aliko Leakey. Askari Waafrika wa vita vya pili wamo mle.

Karanja_wa_Othaya:

Yaani huenda tunamtafuta London na yuko Ngong Road?

Koplo_Mstaafu:

Kama alikufa siku hiyo, ndiyo, yawezekana. Kama aliishi, hapana, na huyo ni mgumu zaidi, kwa sababu aliyerudi kijijini hakuandikwa popote isipokuwa kwenye malipo. Na malipo yenyewe ya kuaga jeshi yalipangwa kwa rangi, Mwafrika akipata sehemu ndogo ya alichopata Mzungu aliyelala naye kwenye handaki moja.

Karanja_wa_Othaya:

Sawa. Naishi Kawangware, Ngong Road si mbali. Jumamosi nitakwenda nisome ukuta ule wa KAR mstari kwa mstari, nipige picha sehemu yote ya 6 KAR niiweke hapa. Msimamo wangu kuhusu ardhi ya Kiganjo haujabadilika, mjue hilo. Lakini sajini meja yule hakuchukua ardhi ya mtu.

Wanjiru_Mwl:

Karanja, nitakuja na wanafunzi wachache kama wazazi watakubali. Wenye macho mazuri wasome majina, mwingine aandike. Kuna daftari la wageni na walinzi wa pale ni watu wema, tutawaeleza tunachotafuta.

Mwana_Ngong:

Nashukuru sana nyote. Mimi nina rafiki anayesoma Uingereza, nitamwomba aulize utaratibu wa kulifungua lile daftari la vita la 1/6 la Mei 1941. Akipata kurasa za wiki hiyo moja tu, zinatosha kuanzia.

Juma, wewe ndiwe mwenye mlango mkubwa kuliko wote. Waliohudumu kampeni ya Ethiopia walistahili nyota iitwayo Africa Star. Waambie watu wa huko wafungue masanduku ya wazee. Ni nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe wake ni wa rangi ya mchanga, una mstari mpana mwekundu katikati, kisha mwembamba wa buluu iliyokolea upande mmoja na wa buluu hafifu upande wa pili. Nyumba yenye nyota hiyo ilikuwa na mtu aliyepigana Afrika. Ikiwa familia inakumbuka pia kwamba alikuwa 6 KAR, au inakumbuka Colito, Billate, au Soddu ambako walifika siku chache baadaye, tafadhali andikeni jina lake, kijiji na alichokuwa akisimulia, hata kama ni maneno mawili.

Hassan_Eastleigh:

Na mkimpata mmoja, msiweke picha za familia hapa bila ruhusa yao. Kwanza watu wake waambiwe, wakae nalo. Halafu ndipo sisi.

Neema_Umoja6:

Hassan, ahsante kwa hilo. Na anayekwenda kuwaambia aende mwenyewe hadi nyumbani, asipige simu.

Juma_Sinza:

Nimeelewa wakuu. Utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu nimewahi kuuona, kwa bibi upande wa mama, Iringa. Babu alikuwa KAR, hilo linajulikana, ila batalioni siijui na cheo sikijui. Bibi hayupo tena, sanduku liko kwa mama mkubwa. Nitasafiri nimuulize ana kwa ana kabla sijaandika jina la mtu yeyote hapa.